Ghala la Maji la Kaisho

Wenzetu wa Marekani ya magharibi wakitaka kujua mto utakuwaje kiangazi, hupanda milimani kupima theluji. Sisi wa Kaisho, mkoani Kagera, theluji tunaionea kwenye picha. Ile ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, hata ikiyeyuka huteremkia mto Semliki, haitufikii. Ghala letu lilikuwa bondeni: mafunjo yaliyosongamana kwenye tope jeusi, yakihifadhi mvua za vuli na masika, kisha yakiziachia kidogo kidogo mwezi wa saba na wa nane.

Zamani hizo mtabiri alikuwa bibi. Tulirudi kutoka kisimani na ndoo juu ya ngata, kipande cha jani la mgomba kikielea ndani ili maji yasimwagike. Hakuuliza kama mawingu yapo. Aliuliza, "Wajukuu zangu, leo maji yamefika wapi?" Tukamwonyesha mguuni: gotini, au kwenye kifundo. Yakishuka chini ya kifundo kabla ya saba saba, amri ilitoka: hakuna kufulia tena bondeni, na maji ya kuoshea vyombo yaende kwenye shina la mgomba. Tulinung'unika, lakini kisima hakikukauka.

Siku hizi tunajua mengi zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya msimu, Kagera ikatajwa kwa jina redioni: wastani, juu ya wastani, chini ya wastani. Siubezi, maana kifundo cha mtoto hakikuweza kumwambia mkulima apande lini. Ila utabiri husema mvua itakayoshuka tu. Itakaa wapi, hilo ni letu. Nasi bonde tumelichimba mifereji, tukapanda kabichi na nyanya, na kandokando tukasimamisha mikaratusi kwa sababu nguzo zina soko. Mvua kubwa ikinyesha, maji mekundu hupita mbio kwenda mtoni. Agosti ikifika, madumu ya njano yanapanga foleni na vijana wa bodaboda wanauza maji.

Kinachouma ni kwamba mto wenyewe upo. Kagera ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, na mwaka 2020 ziwa hilo lilipanda hadi kupita kiwango cha 1964. Kule Rusumo mto huohuo umejengewa mitambo ya megawati 80, umeme wa nchi tatu. Unasikia habari za mafuriko huku kisima chako kina vyura tu.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Wenyeviti wa vitongoji, kamba ya kupimia haina gharama kubwa. Shukeni bondeni kabla vuli haijaingia, muanze na mikaratusi.