Tone na Kichupa

Katika nyumba za nyanda za juu za kusini, mtu agawaye togwa hamimini kikombe cha kwanza kabla hajakisukasuka kibuyu. Akisahau, mgeni wa kwanza hunywa maji matamu, na wa mwisho hupewa mashapo mazito yasiyopita kooni. Togwa ni ile ile na kibuyu ni kile kile, lakini wageni hao wawili watatoa habari zisizopatana, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Tena kusukasuka mara moja hakutoshi. Mgawaji akivutwa na mazungumzo kati ya kikombe cha tatu na cha nne, unga umekwisha kwenda chini.

Damu ina tabia hiyo hiyo, na wapimaji wake husumbuka nayo kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mpimaji huchukua kichupa kidogo, na katika kichupa huchukua tone, na tone hilo huambiwa liseme kwa niaba ya mwili mzima. Sharti moja hulifanya tone kuwa shahidi wa kuaminika: kila chembe iliyomo kichupani iwe na nafasi sawa na nyingine ya kuingia katika tone. Lakini chembe nyekundu ni nzito kuliko majimaji yanayozibeba. Maji matupu yakihesabiwa kuwa 1, chembe ni 1.10 hivi na majimaji ya damu ni 1.025. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, walakini haipumziki.

Chimala iko chini ya ukuta wa milima ya Kipengere, wilayani Mbarali, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa. Upande mmoja njia hupanda kwenda Matamba kwa kona 57. Upande wa pili ni bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga. Mto Chimala ushukapo kutoka juu hubeba mchanga na mawe, kwa kuwa maji yarukayo na kuzunguka hayakipi kitu kizito nafasi ya kutulia. Ufikapo bondeni hupoa, na mzigo wake huutua. Ardhi ya ukingo wa Usangu imejengwa kwa mizigo ya namna hiyo. Mtu aliyeutazama mto huo ameelewa nusu ya taabu ya maabara.

Nusu ya pili ni hii. Siku hizi wataalamu hupitisha chembe katika mifereji iliyochorwa ndani ya kioo au plastiki, ambayo upana wake ni maikromita 100 au pungufu, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Wallace Coulter alikuwa ametangulia kwa tundu lake dogo la kuhesabia chembe, alilopatia hataza Marekani mwaka 1953. Yamkini mtu angedhani kwamba maji yakisukumwa katika njia nyembamba hivyo yatavurugika sana. Mambo ni kinyume. Katika mfereji mdogo maji hupita kimya, tabaka juu ya tabaka, bila kizingia hata kimoja. Humo hamna mlima. Ni Usangu tangu mwanzo hata mwisho. Kwa kanuni aliyoitoa George Stokes mwaka 1851, chembe nyekundu iliyo peke yake hushuka karibu maikromita 1 kwa sekunde, na mfereji wenye kina cha maikromita 100 huumaliza kwa dakika 2 hivi. Tena kabla ya mfereji kuna bomba la sindano, ambamo chembe hungoja pengine saa nzima. Bomba likilazwa, chembe hulala ubavuni mwake. Likisimamishwa mdomo chini, chembe nyingi hutoka kwanza, na maji hutoka mwisho.

Dawa zimetafutwa, na hakuna iliyo bure. Wengine hutia sumaku ndogo ndani ya bomba ikoroge. Ikienda pole chembe huzama, ikienda kasi huzipasua. Wengine huona afadhali kuyaongeza maji uzito hata yalingane na chembe, ili zisijue chini ni wapi. Sukari ingefaa, lau isingenyonya maji ya ndani ya chembe na kuzikunja; kwa hiyo hupendelewa iodiksanoli, ile ile itiwayo mishipani ili ionekane katika picha ya eksirei. Hii ni njia ya werevu mkubwa, ila kwa mgonjwa aketiye nje ya mlango haisaidii kitu. Damu yake yapasa kuhesabiwa kama ilivyo.

Na damu ya mgonjwa ndiyo isiyokubali kungoja. Madaktari wawili wa Uswidi, Robin Fåhraeus na Alf Westergren, walichunguza jambo hili karibu na mwaka 1920. Katika ugonjwa chembe hushikamana kama sarafu zilizopangwa, zikazama kwa pamoja. Katika mrija wa Westergren damu ya mwenye afya hushuka milimita chache kwa saa. Ya mwenye kifua kikuu yaweza kupita 100.

Matamba imo katika mkoa wa Njombe, ambako uchunguzi wa 2011–12 ulikuta watu 14.8 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wana virusi vya UKIMWI. Siku hizo kuwa na virusi peke yake hakukutosha kumpatia kila mtu dawa. Chembe nyeupe ziitwazo CD4 zilihesabiwa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa 350 mwaka 2010, likaupandisha hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likauondoa; Tanzania ikaanza kuwapa dawa wote mwaka 2016. Penye mpaka wa 350, aliyesomewa 340 alipanda zile kona 57 na dawa mkobani, na aliyesomewa 360 alipanda na tarehe ya kurudi. Tofauti ya 20 ni kitu kidogo sana mbele ya kichupa kisichogeuzwa.

Leo CD4 hupimwa ili kujua nani amedhoofika, na mpaka utazamwao ni 200. Kichupa bado hushikwa kwa vidole, hugeuzwa kichwa chini na kurudishwa, mara 8 hadi 10, bila kutikiswa kwa nguvu, maana chembe zilizopasuka hazihesabiki. Mpimaji akiitwa mlangoni katikati ya kazi, akirudi huanza kugeuza tena tangu moja.