Maneno Manne, Shilingi 5,000

Ndugu msomaji, kabla hujaicheka kazi yangu, fungua kwanza sanduku la bibi yako. Humo utakuta kanga, na kila kanga ina jina lake. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalojulikana zaidi kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", lilianzishwa mwaka 1887, na kanga zake zimepita katika masanduku ya vizazi kadhaa. Pamba ni ile ile, rangi zinakaribiana, lakini mwanamke atapekua duka zima akitafuta jina moja tu. Anatafuta nini? Anatafuta wa kumsemea. Jirani anayemchimba atapita uani, atasoma, ujumbe utafika, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi ni kijana wa Tandika, Dar es Salaam. Nilimaliza kidato cha nne, ajira hakuna, na chini ya godoro nilikuwa na riwaya iliyokwama sura ya pili. Mtaani nilijulikana kwa vichekesho. Sifa tele, mshiko hakuna. Watu wakishavunjika mbavu wanakwambia, "We noma!", halafu kila mtu anashika njia yake. Nikawa najiuliza: fundi cherehani analipwa, kinyozi analipwa, mbona mimi ninayewasahaulisha shida zao naondoka na asante?

Jibu lilitoka kwa fundi mmoja wa maandishi, anayetengeneza stika za kubandika kwenye bajaji. Mkono wake mzuri sana, ila maneno yalikuwa yamemwishia. Dereva wa leo alibandikiwa yale yale ya dereva wa jana. Tukakubaliana: stika shilingi 15,000, yeye achukue 10,000 kwa kuwa mashine na vifaa ni vyake, mimi 5,000. Mtaji wangu ulikuwa daftari la shilingi 1,000 na kalamu.

Kazi ina vipimo vyake. Mgongo wa bajaji nauhesabia maneno manne, basi, kama unataka aliye nyuma kwenye foleni asome kabla taa hazijaruhusu. Huna nafasi ya kueleza. Kichekesho kikae neno la mwisho, maana mtu akishacheka hasomi tena. Lakini kipimo kikubwa nilikijua wiki ile ile ya kwanza: dereva hanunui kichekesho changu. Ananunua chake mwenyewe, ambacho hajui akisemeje.

Alikuja kijana mmoja mwenye bajaji ya mkataba. Kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, mpaka deni liishe ndipo chombo kiwe chake. Akataka maneno ya kutisha, mambo ya simba na chui. Nikamwuliza, "Kaka, unataka kumtisha nani?" Akanyamaza. Baadaye akasema mtaani wanamwita mwenye maringo. Anatoka saa 10 alfajiri, anarudi saa 5 usiku, na hata mama mkwe wake akimpungia mkono njiani hasimami, kwa sababu hesabu haijatimia. Nikaandika: SALAMU BAADA YA MKATABA. Akasoma mara mbili, akacheka mpaka akafuta macho. Siku ya tatu alirudi kunisimulia kwamba sasa akipita majirani wanampigia kelele: "Bado miezi mingapi?"

Mwingine ni mama ntilie anayelisha vibarua wa ujenzi kwa mkopo. Alitaka kibao cha kuwaaibisha wadaiwa. Tulipozungumza nikaelewa kwamba wale vijana hawamkwepi; msimamizi wao ndiye anayewacheleweshea. Tukaandika: WALI UMEIVA, POSHO JE? Vibarua walikuwa wa kwanza kucheka. Na msimamizi naye anakula pale pale.

Si kila mteja nampokea. Mwezi mmoja kodi ya chumba ilikuwa imenikaba, akatokea jamaa na shilingi 30,000 mkononi. Alitaka fumbo la kumpiga mke waliyeachana, anayeuza maandazi kwenye kituo ambacho bajaji ya jamaa hupita mara kumi kwa siku. Fumbo lenyewe lilishanijia kichwani, tena tamu. Nikalimeza. Kanga hujibiwa kwa kanga: ukinivalia jina leo, kesho nami nakwenda dukani kutafuta langu. Yule mama angejibu kwa nini, kwa maandazi? Fundi alininunia siku mbili. Mwenye nyumba naye hakutaka kusikia falsafa yangu, kwa hiyo kodi ile niliilipa kwa kuuza redio. Usiku chumba kilikuwa kimya, na mpira nikawa nausikia kupitia ukutani kwa jirani.

Wenzangu mnaoandika mtauliza: riwaya je? Biashara haijaila? Nami nawakumbusha kwamba Ben Mtobwa, yule aliyetupa riwaya za kipelelezi, alianzisha mwenyewe Heko Publishers. Hakuona haya kuwa mwandishi na kuwa mfanyabiashara. Daftari langu lina pande mbili. Ukurasa wa kulia naandika maneno manne na bei. Wa kushoto naandika yote aliyoyasema mteja kabla hayajawa maneno manne: mama mkwe anayepunga mkono, hesabu, saa 10 alfajiri. Majina nayabadilisha. Kulia kunalipa kodi. Kushoto kumefika kurasa 90, na riwaya imetoka chini ya godoro, maana sasa ina watu ndani yake.

Sijatajirika. Wiki njema huleta stika nne, yaani shilingi 20,000. Wiki mbaya haileti hata moja, na hapo ndipo unajua kama kweli una moyo wa utani. Kama nawe una mdomo mtamu, usihangaike kutafuta mtu wa kumchekesha. Mtafute aliyekwama na neno kooni, keti naye, mwache aseme mpaka amalize. Chai ni juu yako.