Jina Alilokataa Kulibadili

Sisi tulioandika haya ni watu wanne, na hatujawahi kukaa chumba kimoja. Mmoja yuko Arusha, mmoja Mombasa, mmoja Mwanza, na wa nne yuko Birmingham, Uingereza, ambako anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kilichotukutanisha ni santuri. Kila mmoja kwa wakati wake alikuwa akitafuta mtandaoni sahani za zamani za kwaya na za muziki wa dansi, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, akagundua kwamba wanaouliza maswali yaleyale ni watu walewale watatu. Tukafungua kundi la WhatsApp. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Sasa tunaongea karibu kila Alhamisi, watoto wakishalala, kuanzia saa tano usiku (kwa Birmingham ni saa mbili au saa tatu, kutegemea majira) mpaka usingizi umshike mmoja wetu na ujumbe wake ukatike katikati ya neno.

Wote tunasali, ingawa si dhehebu moja. Wawili ni Walutheri, mmoja ni Mwanglikana, na dada yetu wa Mombasa alikulia kwa Wapentekoste. Hata kwenye ujumbe wa sauti anaomba mpaka simu inatetemeka.

Aliyeleta panki ni ndugu yetu wa Birmingham. Kwa wasioifahamu, panki ni muziki wa magitaa wa haraka na wa kelele, nyimbo fupi za dakika mbili tatu, uliopata jina lake katikati ya miaka ya 1970 huko New York na London. Wengi walioupiga hawakuwa mafundi wa ala. Walikuwa vijana wasio na fedha walioona kwamba ukijua mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa, na una jambo linalokuchoma moyoni, inatosha kuanza. Mwenzetu wa Arusha, ambaye ni mzee wa kanisa na mwimbaji wa besi, alisikiliza wimbo wa kwanza akaandika neno moja tu: "Poleni." Hata hivyo aliendelea kusikiliza. Mtu wa santuri ndivyo alivyo, kitu kilichosahauliwa hakimpiti.

Tulipitia National Wake ya Johannesburg, bendi ya weusi na weupe waliopiga pamoja wakati sheria za ubaguzi zilikuwa zinawakataza hata kuishi mtaa mmoja, wakatoa albamu moja mwaka 1981. Halafu tukafika Detroit, Marekani, na hapo tukakaa.

Detroit kulikuwa na ndugu watatu Weusi wa familia ya Hackney: David, Dannis na Bobby. Mwaka 1964 baba yao aliwakalisha mbele ya televisheni wawatazame Beatles, na kuanzia hapo nyumba haikuwa na utulivu tena. Vijana Weusi wa mji ule walitarajiwa kupiga muziki wa Motown, wao wakapiga roki, tena kwa kasi na kelele ambazo baadaye zingeitwa panki. Kisha baba yao akafa katika ajali. David, mkubwa wa hao watatu, akaamua bendi iitwe Death, yaani Kifo.

Hakuwa anachezea ushetani, kama watu wengi walivyodhani wakati ule na kama mwenzetu wa Arusha alivyodhani kwa siku mbili nzima. Bobby ameeleza kwamba nia ya kaka yake ilikuwa kulitoa neno lile upande wa giza na kuliweka upande wa nuru. David alichora hata alama ya bendi: duara tatu zilizopangwa kama pembetatu, kwa ajili ya roho, akili na mwili, na duara la nne likiwa Mungu anayeziongoza.

Mwaka 1975 walirekodi katika studio za United Sound palepale Detroit. Clive Davis, mtu mwenye nguvu katika biashara ya muziki, alikuwa tayari kuwagharamia, lakini alitaka wabadili jina. David alikataa. Fedha zikakoma, nyimbo zilizopangwa zilikuwa 12, zilizopatikana ni 7. Mwaka uliofuata walitoa wenyewe nakala 500 za sahani moja ndogo, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Mwaka 1977 walihamia Burlington, Vermont, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa albamu mbili za roki ya injili kwa jina la The 4th Movement. Nazo zilisikika kidogo. David alirudi Detroit mwaka 1982. Alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2000.

Hayo yote tungeyaacha kuwa soga za usiku, kama si mwenzetu wa Mwanza.

Binti yake alikufa mwaka juzi. Alikuwa na miaka tisa, na homa ilimchukua kwa siku nne. Mwenzetu ameturuhusu tuyaandike haya, amesoma kila sentensi, na nyingine amezifuta.

Kwetu, kama mnavyojua, mtu akishapata mtoto jina lake linabadilika. Anakuwa Baba Fulani au Mama Fulani, na baada ya miaka michache hata karani wa usharika inabidi afungue daftari ili akumbuke jina lako la ubatizo. Mwenzetu aliitwa kwa jina la binti yake kwa miaka tisa. Baada ya maziko, watu waliacha. Hakuna aliyepanga, ilikuwa huruma tu. Kwaya ikaanza kumwita "Mzee". Majirani wakaanza kumwita kwa jina la mtoto wake wa pili, kana kwamba ndiye aliyemtangulia mwenzake kuzaliwa. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, aliyemfundisha binti yule nyimbo zote alizozijua, alimwita "mpendwa" huku akiangalia pembeni.

Na neno lenyewe la kufa hakuna aliyelitamka mbele yake. Alisikia ametangulia, amelala, ametwaliwa, ua limechumwa bustanini. Ni maneno mazuri, na mengine yana mizizi katika Maandiko. Tatizo, alituambia baadaye, ni kwamba yalisemwa haraka, kama mtu anayewahi kufunga dirisha mvua isiingie. Akaacha kwaya. Kisha akaacha ibada. Kundini alikaa kimya wiki saba, akituma vidole gumba tu.

Ndipo ndugu wa Birmingham akataka kutuma habari za David Hackney. Alimuuliza kwanza dada wa Mombasa, faraghani, kama ni busara kumpelekea mfiwa bendi yenye jina lile. Dada akamjibu, "Mtumie. Yeye si mtoto."

Ilikuwa saa saba usiku Mwanza alipojibu.

"Huyu kaka alikataa kubadili jina?"

"Alikataa."

"Hata kwa fedha zile?"

"Hata kwa fedha zile."

Baadaye ukaja ujumbe wa sauti wa dakika 11. Hatutausimulia wote. Ndani yake alisema, kwa mara ya kwanza, binti yangu amekufa. Akalirudia mara tatu au nne, akataja na jina la mtoto, na nyuma yake tulisikia feni na mbwa wa jirani. Dada wa Mombasa akamwandikia, "Tumekusikia, Baba," akamalizia kwa jina lile lile la mtoto. Tangu usiku huo ndivyo tunavyomwita sote wakati wote, hata tunapobishana kuhusu bei ya santuri.

Siku chache baadaye mzee wetu wa Arusha alitufungulia Yohana 11. Wengi tunaikumbuka kwa ajili ya Lazaro kutoka kaburini. Yeye alituonyesha jambo dogo lililo kabla ya hapo. Yesu anawaambia wanafunzi kwanza kwamba rafiki yao amelala. Hawaelewi, wanadhani ni usingizi wa kupona. Ndipo anawaambia waziwazi kwamba amekufa. Kisha anakwenda kaburini na kulia, ingawa alijua atakachofanya. Sisi tunaona makanisa yetu yanalipenda sana lile neno la kwanza na kuliruka la pili, na kwa haraka hiyo machozi nayo tunayaruka. Paulo katika 1 Wakorintho 15 hafanyi hivyo. Anakigeukia kifo, anakiita kwa jina lake, na kukiuliza maswali usoni.

Hatusemi kwamba mpiga gitaa wa Detroit ni mwalimu wa theolojia. Wala hatushauri kwaya ya vijana ianze panki (mwenzetu wa Arusha ametuomba tuliandike hili wazi). Tunasema tu kwamba mtu aliyefiwa na baba alilishika neno ambalo wengine walilikimbia, akaliweka chini ya Mungu, na hakukubali kulibadili ili wasikilizaji wastarehe. Rafiki yetu aliyefiwa na mtoto alimtambua kutoka umbali wa bara zima na miaka zaidi ya 40.

Kuna sehemu ya mwisho ya habari ile. Kabla ya kufa, David alimkabidhi Bobby kanda zote akamwambia azitunze, kwa kuwa siku moja dunia itakuja kuzitafuta. Bobby akaziweka darini. Wanawe walikua bila kujua kwamba bendi ile iliwahi kuwapo. Karibu mwaka 2008, wakati wakusanyaji wa santuri wameanza kuisambaza ile sahani ndogo, mmoja wao aliisikia mbali na nyumbani akaitambua sauti ya baba yake. Mwaka 2009 kampuni ya Drag City ilitoa nyimbo zote saba. David alikuwa amekufa miaka tisa kabla.

Juu ya hili hatujakubaliana hadi leo. Dada wa Mombasa anasema ile ilikuwa imani, ya wale wa Waebrania 11 waliokufa kabla ya kuipokea ahadi. Mzee wa Arusha anasema ilikuwa ukaidi wa msanii, na kwamba ahadi ya Waebrania si kusifiwa na wakusanyaji wa rekodi. Tumekesha nalo zaidi ya Alhamisi moja. Mwenzetu wa Mwanza hana haja na upande wowote. Yeye anamfikiria Bobby, aliyekaa na boksi darini miaka yote hiyo bila mtu kumuuliza lina nini. Kwake kuna kabati lenye madaftari ya darasa la tatu, na Biblia ya watoto yenye jalada lililochorwa kwa kalamu ya wino.

Tulikuwa tumeandika hapa kwamba amepona. Alifuta. Tuandike kwamba anakwenda ibada ya kwanza na kuketi karibu na mlango, na kwamba kwaya bado hajarudi. Mwezi wa nne, kwenye jumuiya, bibi mmoja asiyeona vizuri alimsalimu kwa jina la binti yake kama zamani. Watu wakanyamaza. Yeye akaitika, "Naam, bibi, shikamoo," akampisha kiti.

Ndugu wa Birmingham bado anatafuta rekodi ya The 4th Movement kwa bei anayoiweza. Akiipata atatusomea kwanza yaliyoandikwa nyuma ya jalada, kisha ataiweka kwenye mashine, na sisi watatu huku tutakuwa macho.