Kompyuta Iliyonifunza Kuomba Radhi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyani haoni kundule. Methali hii nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata barabara mwishoni mwa juma moja la muhula wa pili, mwaka wa 2025, hapa kwetu Chekalini.

Ndugu msomaji, makala ya jarida hili huchapwa kwenye kompyuta moja kuukuu iliyo kando ya maktaba. Kwa kuwa mimi ndimi katibu wa chama, kompyuta hiyo ni kama ng'ombe wangu: mimi humlisha, mimi humkama. Tunatumia Emacs, programu ya kuandikia maandishi ambayo chanzo chake ni kazi ya Richard Stallman na wenzake kule Marekani mwaka wa 1976. Ni programu ya bure, lakini kwenye mashine ya kizee huchelewa kuamka. Ndiyo maana niliipanga ifanye kazi kwa njia ya seva, njia iliyokuja na toleo la 23 mwaka wa 2009. Kompyuta ikiwashwa, Emacs huamka kimyakimya bila dirisha lolote, ikakaa kama mpishi jikoni. Anayetaka kuandika hubonyeza mara moja tu. Mjumbe mdogo aitwaye emacsclient huenda kugonga mlango wa jikoni, na dirisha likafunguka papo hapo. Mlango huo huitwa soketi, nao una anwani yake.

Alhamisi hiyo mwalimu mlezi aliniagiza niiboreshe kompyuta, maana Ubuntu 20.04 ilikuwa imefika mwisho wa muda wake wa kawaida wa kutunzwa. Nikaipandisha hadi 22.04, kazi iliyomeza alasiri nzima. Emacs nayo ikatoka toleo la 26.3 ikaingia 27.1. Kwa bahati stima haikupotea. Niliondoka kifua mbele.

Lo! Ijumaa asubuhi nilibonyeza, dirisha likakataa kufunguka. Mjumbe alisema hakuiona soketi, akaniuliza kama kweli nimeiwasha seva. Haya, nikaandika amri ya kuiwasha: emacs --daemon. Nayo ikagoma! Ikasema kuna Emacs nyingine inayohudumu tayari. Wee! Mmoja anasema mpishi hayupo, mwingine anasema mpishi yuko kazini. Nimwamini nani? Kijasho chembamba kilinitoka. Jumatatu mwalimu alikuwa aende Eldoret kwa mpiga chapa, na kazi ilikuwa bado nusu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikumbuka kwamba usiku wa Alhamisi, baada ya mimi kuondoka, kijana mmoja wa kidato cha pili aliingia kuchapa shairi lake kuhusu nyanya yake. Nikamshtaki kwa mwalimu mbele ya wanachama wenzetu.

"Nilibonyeza tu, kaka, ikakataa," alijitetea. "Nikaogopa kusema."

"Una hakika ni yeye?" mwalimu akaniuliza.

"Ndio, mwalimu," nikajibu bila haya. Kijana akakatazwa kuingia chumba kile. Alitoka ameinamisha kichwa, karatasi yake ya shairi mkononi.

Jumamosi nilikuwa tayari kuiua seva kwa nguvu na kufuta faili la mipangilio yangu yote. Mwalimu akanishika mkono. "Pole pole, kijana. Mgonjwa huulizwa kabla ya kupasuliwa."

Basi tukauliza. Kwanza, je, seva i hai? Amri ya ps aux ilituonyesha kwamba ilikuwa hai tangu kompyuta ilipowashwa. Pili, mlango wake uko wapi? Amri ya ss -xl ikatuorodheshea soketi zote, na miongoni mwazo tukaiona: /run/user/1000/emacs/server. Tatu, mjumbe alitumwa wapi? Nikalifungua faili dogo linalomtuma. Lilisema: emacsclient -c -s /tmp/emacs1000/server.

Nilinyamaza. Mstari huo niliuandika mimi, kwa mkono wangu, mwaka uliotangulia, nikijifanya fundi. Mpishi alikuwa amehama, nami nilikuwa nikimtuma mjumbe kwenye nyumba ya zamani. Kuanzia toleo la 27.1, seva hufungua mlango wake katika saraka ya faragha ya mtumiaji, ikiwa mfumo umempa saraka hiyo. /tmp ni kama soko, kila mtu hupita. /run/user/1000 ni ya mwenyewe peke yake. Habari zenyewe zilikuwa ndani ya Emacs siku zote: ukibonyeza Ctrl na h, kisha n, utasoma mabadiliko ya toleo jipya. Mimi sikusoma.

Nilifuta -s na anwani ile, nikamwacha mjumbe ajitafutie njia. Dirisha likafunguka hata kabla sijapepesa macho. Nilitaka kushangilia, lakini mwalimu aliuliza neno moja tu: "Na yule mwenzako?"

Ningependa kukuambia kwamba niliomba radhi haraka. La. Nilizunguka uwanja mara mbili, kando ya shamba la mahindi, nikitafuta maneno ambayo hayangenidhalilisha. Sikuyapata. Jioni nikasimama mbele ya wanachama walewale niliomshtakia mbele yao, nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Yeye hakugusa kitu. Nisameheni."

Kijana alinitazama, kisha akauliza, "Sasa naweza kuchapa shairi?"

Alichapa hadi kengele ya kulala. Shairi lenyewe limo katika jarida hili, lisome. Nawe siku mashine itakapokukatalia, tazama kwanza mstari ulioandika mwenyewe, ndipo uwatazame wenzako.