Tangu Nianze Kushusha Sauti

Mimi ni fundi wa studio mjini Morogoro. Narekodi kwaya, bongofleva, singeli ikitokea, na muziki ukikosa wateja narekodi matangazo ya maduka ya simu. Ushuhuda wangu unaingia kwenye sentensi moja: zamani nilipandisha, siku hizi nashusha.

Wenzangu wa kazi hii watanielewa haraka. Wengi wetu tulijifunza kwa kukaa nyuma ya kiti cha prodyuza, na somo la kwanza tuliloondoka nalo ni kwamba wimbo mkali ni wimbo unaogonga. Besi haisikiki? Pandisha. Mwimbaji amemezwa na besi? Mpandishe na yeye. Kinanda kimepotea? Nacho kije juu. Haipiti nusu saa kila kitu kimefika kileleni, taa nyekundu zinawaka kwenye kompyuta, na lalamiko ni lile lile la mwanzo: besi haisikiki. Kwenye mfumo wa dijitali dari ni desibeli sifuri. Wimbi likifika hapo halina pa kwenda, kilele chake kinakatwa kikawa bapa, na mkato huo ndio mkwaruzo unaousikia. Tepu za zamani zilikuwa na uvumilivu. Ukizidisha kidogo, sauti ililainika kwanza kabla ya kuharibika. Kompyuta haina huruma hiyo.

Aliyenibadilisha ni mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa fundi mitambo redioni enzi za bendi. Siku hiyo alikuwa amemsindikiza mjukuu wake aliyekuja kurekodi na kwaya ya vijana. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la mlangoni, kimya. Tulipomaliza kurekodi nikawapigia wanakwaya kazi yao nikiwa nimeichanganya juu juu tu. Wakashangilia. Mzee akasubiri watulie, akauliza:

"Mwanangu, anayeimba hapo ni nani?"

"Ni kwaya yote, mzee."

"Kwaya nimeiona. Nauliza, wewe unataka nimsikilize nani?"

Hakungoja jibu. Akaniomba nishushe kila kitu mpaka chini, chumba kiwe kimya. Kisha nimrudishe mwimbaji kiongozi peke yake, kwa kiwango cha mtu anayeongea na mwenzake mezani. Halafu besi, taratibu, mpaka ianze tu kusikika chini yake. Halafu ngoma, halafu waitikiaji. Kinanda kilikuja mwisho, na kilikuja kidogo kiasi kwamba mpiga kinanda alikunja uso. Tulipofika hapo mzee akatoka, akasimama koridoni, mlango ukiwa wazi. Akarudi akasema maneno yote ameyapata. Nikatazama kipimo: vilele vilikuwa vinacheza karibu na hasi 10, hapakuwa na taa nyekundu hata moja, na ubeti wa pili ulisikika neno kwa neno bila mtu kukaza masikio. Hatukuongeza kifaa chochote.

Akatusimulia kwamba redioni bendi nzima ilipiga pamoja chumbani, na maikrofoni zilikuwa za kuhesabu. Tarumbeta zikizidi, unawaambia wapigaji warudi nyuma hatua mbili. Baadaye nikamfikiria Siti binti Saad na wenzake, waliovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Zama zile hakuna aliyerekodi kila chombo kwenye njia yake ili aje akipange kesho. Uchanganyaji ulikuwa ni kuamua nani asimame karibu na nani akae mbali. Sisi leo tuna njia mia moja na tunawasimamisha wote mbele.

Baada ya siku ile nikaanza kutafuta nani anagombana na nani. Sikio la kijana mwenye afya linasikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, eneo kubwa sana, lakini kwaya zetu zinajazana sehemu moja. Sauti za kiume, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, gitaa la ridhimu, hata mwangwi wa chumba chenyewe, wote wanakutana kati ya hezi 200 na 400. Ni kama daladala la saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo unapotoka ule ukungu ambao watu wanaueleza kwa kusema wimbo "hauko wazi", na kuongeza sauti kali za juu hakuondoi ukungu. Kunakoondoa ni kupunguza. Kwenye kinanda natoa desibeli 3 karibu na hezi 300. Kwenye sauti za waimbaji nakata kila kilicho chini ya hezi 80, wakati mwingine 100 kwa wanawake, kwa sababu huko hakuna uimbaji. Kuna mtikisiko wa meza, pumzi zinazogonga maiki, na malori ya barabara ya Iringa. Kinanda ukikisikiliza peke yake baada ya hapo kinasikika chembamba, kimekonda. Kwa hiyo simruhusu mpiga kinanda akisikilize peke yake.

Kompresa nayo nimeivua cheo cha uchawi. Kazi yake ni kushusha sehemu zilizopanda kupita kiwango ulichoweka, ili zile za chini zisiachwe nyuma. Mwimbaji anayenong'ona kwenye ubeti na kupasua anga kwenye haleluya, mpunguzie desibeli 3 au 4 kileleni, inatosha. Ukimbana zaidi utamsikia anavyohema, na ngoma ukizibana hivyo zitapoteza ile ncha ya kwanza ya pigo inayokufanya utikise kichwa.

Lakini kilichobadilika zaidi ni kiwango ninachosikilizia. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwa vipimo kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kadiri sauti inavyopungua ndivyo besi inavyofifia masikioni kuliko sauti za katikati. Maana yake kwa fundi: ukichanganya huku sabufa inatikisa ukuta, besi itakuwa nene kwako, na itakonda kwa anayesikiliza jikoni kwa sauti ya chini. Sasa nachanganya kwa sauti ambayo mtu akiingia tunaweza kuongea bila kupaza. Mara moja moja napandisha kuhakiki, kisha narudi chini. Masikio yangu pia yananishukuru. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu. Yeyote aliyekesha kwenye singeli akaamka masikio yanavuma anaijua hesabu hiyo hata kama hajaisoma.

Kisha nazima spika kubwa, naweka simu mezani. Huku ndiko muziki wetu unakoishi: simu, spika ya bodaboda, redio ya saluni. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 50, kwa hiyo besi iliyolala huko peke yake, msikilizaji wa simu haipati kabisa. Inabidi besi iwe na kitu cha juu pia, ule mguso wa kidole kwenye waya, kwenye mamia ya hezi. Naunganisha pia kushoto na kulia viwe kimoja. Waitikiaji waliotanuliwa kwa programu mpaka wakajaa chumba wanaweza kufifia hapo, maana mawimbi yanayopingana yakikutana yanafutana.

Mastaringi, hatua ya mwisho kabla wimbo haujatoka, ndiyo inayoniletea ugomvi. Mteja analipa, anaweka wimbo wake kando ya wimbo wa msanii mkubwa, anasema wake uko chini. Simwelezi kwa maneno. Nachukua nyimbo zote mbili, nazilinganisha ukubwa wa sauti, namwambia ageuke asitazame skrini, achague. Mara nyingi anachagua ule ambao ngoma zake bado zinapumua. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, inashusha nyimbo mpaka karibu na hasi 14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, na YouTube nayo inashusha zilizozidi. Aliyebana wimbo wake hadi hasi 7 anapunguziwa 7, anafika akiwa sawa na wengine, ila vilele vyake alishavikata. Albamu ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic, ilibanwa hivyo, na mashabiki wakalalamika kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye diski. Mimi naacha desibeli 1 chini ya dari, kwa sababu wimbo ukigeuzwa kuwa faili dogo vilele huweza kupanda tena.

Wapo wateja waliohama kwa sababu hiyo. Sijawafuata.

Wewe unayejiandaa kuja kurekodi au kuleta kazi ichanganywe, kwangu au kwa fundi yeyote: leta kila chombo na faili lake, biti 24, bila limita, vilele viishie hasi 6 au chini yake. Leta na wimbo mmoja wa mtu mwingine unaoupenda, tuwe tunapimia. Usidai masta usiku ule ule wa kurekodi. Masikio ya fundi yameshachoka, mpe mpaka asubuhi. Na wale marafiki zako wanaosema besi iongezwe, waache nyumbani.