Gemu ambazo hazikutoka, na disketi tatu za Kasulo

Najua kijiwe kilipoa kidogo. Testi zilitukalia kooni wiki mbili mfululizo, sasa zimeisha, boom halijaingia, na mtu akikosa hela anabakiwa na stori tu. Ya leo inahusu gemu. Siyo hizo mnazochezea kwenye simu mkiwa lekcha (nawaona, msijifiche). Ni gemu ambazo hazikuwahi kutoka kabisa.

Wale mliotazama Bandersnatch ya Netflix, ile ya 2018 ambayo mtazamaji unamchagulia mhusika cha kufanya, mnamkumbuka yule dogo anayetengeneza gemu kwenye kompyuta mwaka 1984. Nyuma ya lile jina kuna kisa cha kweli. Kulikuwa na kampuni pale Liverpool, Uingereza, ikiitwa Imagine Software, ilianza 1982 na vijana wake wakapata hela haraka sana. Wakatangaza magazetini gemu mbili kubwa: Bandersnatch ya kompyuta ya ZX Spectrum na Psyclapse ya Commodore 64. Zilikuwa zije na kifaa cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, na bei ilitajwa kuwa kama pauni 40, wakati gemu ya kawaida ilikuwa chini ya pauni 10. BBC wakapeleka kamera wapige filamu ya vijana waliofanikiwa. Wakaishia kurekodi kampuni inakufa, Julai 1984, madeni juu ya madeni. Gemu hazikutoka. Kazi ya Bandersnatch ilikuja kuibukia kwenye gemu nyingine iitwayo Brataccas, 1986. Psyclapse inasemekana haikwenda mbali zaidi ya karatasi na matangazo.

Sasa mtu anaweza kusema, kitu hakikutoka, cha nini tena? Kuna Mwingereza mmoja anaitwa Frank Gasking ambaye amekaa na swali hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Anakusanya habari za gemu zilizofutwa au kuachwa njiani, alianza na za Commodore 64, na mwaka 2020 akatoa kitabu kizima, The Games That Weren't. Anawatafuta waliozitengeneza, wengine sasa ni wazee, anawauliza: ulifika wapi? kwa nini uliacha? kanda bado unayo? Mara nyingi kanda ipo. Ipo kwenye boksi juu ya dari pamoja na viatu vya zamani. Maana hizo kompyuta zilikuwa zinahifadhi programu kwenye kanda za kaseti za kawaida, zilezile tulizokuwa tunarudishia kwa kalamu ya Bic. Sumaku ya kwenye kanda inafifia polepole, na kwa gemu iliyouzwa hilo siyo tatizo sana kwa sababu nakala zipo maelfu. Gemu ambayo haikutoka ina nakala moja au mbili duniani. Boksi likitupwa, basi.

Na hata zile zilizouzwa hali yake siyo nzuri. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 huwezi tena kuzinunua dukani kwa njia halali. Hizo ni zilizotoka!

Nikajiuliza, sisi Watanzania tuko wapi kwenye hii hadithi? Jibu fupi: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalum. Kompyuta za kwanza serikalini zilikuwa za mahesabu ya Hazina, zikaleta vurugu na hasara kubwa, wakubwa wakaona bora mlango ufungwe. Mimi huwa naona watu wanaisimulia hii kama kichekesho, ila ukifikiria nchi ilivyokuwa haina fedha za kigeni haichekeshi sana. Lakini angalia matokeo yake. Spectrum na Commodore 64 zilitoka 1982, na zote zilikuwa unachomeka kwenye televisheni ya nyumbani. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara vituo vya televisheni vimeanza 1994. Kwa hiyo ile miaka ambayo mtoto wa Liverpool anajifunza programu chumbani kwake, mtoto wa bara hana kompyuta, na hata ungempa asingekuwa na pa kuichomeka.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshahitimisha kwamba kwetu hakuna cha kuhifadhi. Mpaka likizo iliyopita, nyumbani Kasulo.

(Kasulo, jamani, siyo Kasulu! Kasulu ipo Kigoma. Nimechoka kurekebisha. Kasulo ni kata ya wilaya ya Ngara, Kagera, pale njia panda ambapo malori ya Rwanda yanakwenda Rusumo na wewe unayekwenda Ngara mjini unakata. Wengi mnapajua kwa jina la Benaco, jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara.)

Mnaosoma historia mnajua kilichotokea pale. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo kukimbia Rwanda, na kwa siku moja tu walifika kama laki mbili. Kasulo ikalala kijiji ikaamka jiji. Yakaja mashirika, mahema, magari meupe, jenereta. Mwaka 1995 ikaanzishwa Radio Kwizera pale Ngara, na wenyeji mnajua kwizera maana yake ni kutumaini. Na zikaja kompyuta. Marufuku yetu ya 1974 ilikuwa imeshalegea zamani, ila kwa mtu wa kijijini kwetu kompyuta ya kwanza kuiona kwa macho ilifika na wakimbizi.

Mjomba wangu alikuwa karani wa stoo wa shirika moja pale kambini. Kazi yake mchana: mahindi, maharage, mafuta, kaya hii ina watu wangapi, kadi namba ngapi. Jioni jenereta ilikuwa inazimwa saa 4, na kati ya kufunga stoo na saa 4 kompyuta ilikuwa imekaa bure. Ndani yake kulikuwa na MS-DOS, na ndani ya MS-DOS kulikuwa na QBasic, lugha ya kuandikia programu iliyokuja na mifano yake. Mmojawapo ni gemu ya masokwe wawili wanarushiana ndizi juu ya maghorofa. Mjomba akacheza masokwe mpaka akachoka. Halafu akafungua mistari ya ile programu akaanza kuisoma mmoja mmoja aone ndizi inapaaje. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nimefundishwa programu na madaktari wa falsafa watatu na bado nilipata C, kwa hiyo heshima kwake.

Halafu akaandika ya kwake. Igisoro! Wasioujua, ni ndugu wa bao: mashimo 32, kete 64, unasambaza, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unachukua zote unaendelea. Kwetu wazee wanaucheza kama majirani zetu wa Rwanda na Burundi. Mjomba anasema aliuchagua kwa sababu pale kambini ndicho kitu pekee ambacho mwenyeji na mkimbizi walikaa chini pamoja bila mtu wa tatu kutafsiri.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa kwao. Shirika likafunga mizigo, kompyuta ikaondoka. Mjomba akabaki na disketi tatu kwenye kopo la maziwa ya unga. Miaka yote hii sikujua. Aliniambia tu kwa sababu nilikuwa namsimulia habari za Gasking, akacheka akasema, "Sasa mpwa wangu, hata mimi ninayo ambayo haikutoka."

Nikazileta Dar. Rafiki yangu wa CoICT akaniazima draivu ya disketi ya USB, tukakaa kwenye vimbweta na laptop. Disketi hizi, zile ngumu za megabaiti 1.44, zina sekta 2,880. Kanuni ya watu wa uhifadhi ni kwamba usifungue faili kwanza. Unanakili disketi nzima sekta kwa sekta, halafu unafanyia kazi nakala, maana huenda kichwa cha draivu kikapita mara moja tu na mara ya pili uso wa disketi ukachubuka. Ya kwanza ikasoma yote. Ya pili ikagoma sekta 41. Ya tatu ina ukungu mweupe kama mkate uliosahaulika, draivu inalia tu krr krr haipati kitu.

Kwenye ya kwanza kulikuwa na IGISORO1.BAS. Mwezi wa 5, 1996. Tukaiweka kwenye DOSBox, ile programu inayoigiza kompyuta ya zamani, na nikwambie ukweli nilisisimka. Skrini nyeusi, safu nne za namba, juu imeandikwa KARIBU IGISORO. NGOJA ZAMU YAKO. Yule rafiki yangu ni Mchaga, hajawahi kuona igisoro maishani mwake, akafungwa na kompyuta mara tatu. Mjomba aliipangia ijaribu kila shimo halafu ichague linalokula kete nyingi zaidi. Hiyo tu. Inatosha kumfunga Mchaga, hehehe.

Mara ya nne ikaganda. Siyo kuharibika: ilikuwa inasambaza kete bila kukoma, zamu moja haiishi. Nikadhani ni kasoro ya programu. Kumbe ni ya mchezo wenyewe! Watafiti wa Uholanzi, akiwemo Alex de Voogt aliyewafuatilia mabingwa wa bao Zanzibar, wameshaandika kuhusu zamu za bao zisizoisha. Binadamu akifikia hapo anachoka, anacheka, mnakubaliana. Kompyuta haichoki. Nikampigia mjomba. Kabla sijamaliza kueleza akasema, "Eeh, inazunguka. Nilishaitengeneza hiyo." Wapi? Kwenye ya tatu. Umeitengenezaje? Kimya. Hakumbuki. Alikuwa na miaka 26, sasa ana zaidi ya 50 na macho yana mtoto wa jicho. Jibu lake liko kwenye disketi yenye ukungu.

Na hapo ndipo kuna jambo lingine ambalo limeninyima usingizi zaidi ya UE. Kwenye disketi ya pili, pamoja na IGISORO2, kuna faili za kazini. Orodha za mgao. Majina ya wakuu wa kaya, idadi ya watu, na alikotoka kila mmoja. Mamia ya majina.

Watu wa uhifadhi wanasema weka nakala kamili ya disketi hadharani, usiguse kitu, kwa sababu hujui kesho mtafiti atahitaji nini. Kwa gemu ya Liverpool nakubali kabisa. Kwa hii hapana. Pale Benaco walikuwepo waliokimbia kifo na walikuwepo waliokimbia walichokifanya, na mimi siwezi kuwatenganisha kwa orodha ya maharage. Wengine wako hai, wana watoto wa umri wetu. Hawakuniruhusu. Mjomba yeye anaona narefusha mambo: "Futa hizo orodha, acha gemu." Rafiki yangu anasema nikifuta nimeharibu ushahidi wa historia, na hata hivyo hiyo siyo mali yangu wala ya mjomba. Wote wana hoja. Kwa sasa nimefanya hivi: nakala kamili ziko kwenye flashi mbili, moja ninayo na nyingine imefungwa sehemu ambayo siitaji hapa, na nitakachotoa ni mistari ya gemu peke yake, kwa jina analotaka mjomba. Nimekwenda kumuuliza mwalimu mmoja wa historia pale Nkrumah kama kuna nyaraka za kambi zinazotunzwa kwa masharti, kasema nirudi baada ya mitihani.

Wakenya wenzetu wanajivunia Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya, 2007, na wanastahili, ile ni ya pande tatu na ilitoka. Ya mjomba ni namba kwenye skrini nyeusi. Lakini ipo miaka 11 kabla, na iliandikwa Kasulo!

Sasa ombi. Kuna kibao kidogo cha saketi kinaitwa Greaseweazle, kinasoma sumaku yenyewe ya disketi badala ya kungoja sekta zikubali, na watu wameokolea disketi mbovu kuliko hii. Kibao rafiki yangu anacho njiani. Kinachokosekana ni draivu ya disketi ya ndani ya kompyuta, ile yenye waya mpana wa pini 34, siyo ya USB. Jumamosi naenda Kariakoo kuzunguka kwa mafundi. Kama kwenu kuna kompyuta ya zamani imekuwa meza ya kuku, tafadhali msiitupe, niachieni ujumbe hapa. Nitalipa boom likiingia. Ukungu nitausafisha mwenyewe, spiriti na pamba, polepole.