Pombe Iliyolala

Katika vilima vya Mutaho, nchini Burundi, mzazi haendi kumposea mwanawe mikono mitupu. Hapana budi abebe pombe ya ndizi, iitwayo kwa Kirundi urwarwa, kwani mazungumzo ya wazee huanza mtungi ukishatuliwa.

Julai moja nilikuwa nikijiandaa kwa safari ya namna hiyo. Nilivumbika ndizi shimoni siku nne, nikazikamua kwa majani makavu, nikatia maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa. Jioni povu likaanza kupanda horini. Usiku ukashuka ule ubaridi wa kiangazi tuujuao sisi wa nyanda za juu. Kulipokucha povu halikuwapo, na maji ya ndizi yalikuwa yametulia, matamu kama kinywaji cha watoto. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu.

Haraka ikanitawala. Nilichemsha masufuria matatu ya maji, nikayamimina humo, nikidhani kwamba joto litaiamsha pombe. Louis Pasteur wa Ufaransa alikwisha kuonyesha, kati ya 1857 na 1860, kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai. Nami nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi jambo hilo hilo. Baridi ilikuwa imeilaza chachu tu. Mimi ndiye niliyeiua.

Siku ile, kilimani petu, ni jirani mmoja tu aliyekuwa na pombe inayotoa povu. Mimi naye tulikuwa hatujaamkiana mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilizunguka nyumba yangu mara kadhaa, kisha nikachukua kibuyu kitupu nikaenda.

Mzee yule alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Mwalimu, umetia maji ya moto?" Nikakiri. Hakucheka. Alichota mashapo ya chini ya hori lake, akajaza kibuyu, akasema, "Usiyamwage yote kwa mara moja. Twende."

Tulipasha moto nusu mtungi wa maji ya ndizi hadi yakawa vuguvugu kama maziwa yaliyotoka kukamuliwa, tukatia mashapo, tukangoja. Povu lilipoinuka, ndipo tulipochanganya na yale mengine. Tukaingiza hori jikoni, karibu na mafiga, tukalifunika kwa majani ya migomba. Usiku wa manane niliisikia pombe ikinong'ona.

Siku ya posa mzee alibeba mtungi mmoja mwenyewe, akauonja kwanza kwa mrija mbele ya wakwe, kama ada itakavyo.

Shauri la mpaka bado liko kwa wazee, wale tuwaitao bashingantahe, nao wataamua watakavyoamua. Lakini tangu siku ile tunaamkiana. Na kila nikamuapo ndizi, kibuyu cha kwanza cha mashapo humpelekea yeye, asije akakosa chachu siku ya baridi.